Pishi Moja, Gunia Zima

Mwaka 1997 nilifuta picha za marehemu mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sikufanya hivyo kwa pupa. Nilipiga hesabu kwanza, na hesabu ile ndiyo iliyonidanganya.

Turudi nyuma kidogo, msomaji. Mwaka 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, walikuwa na kompyuta ya PDP-11 yenye diski ya kilobaiti 512 tu. Humo ulikaa mfumo wao wa Unix, na humo humo walipanga watumiaji wake, wakiwemo makarani wa idara ya hataza waliokuwa wakipiga chapa maombi yao. Nyumba ndogo, wageni wengi! Haishangazi basi kwamba kitabu cha kwanza cha maelekezo ya mfumo huo, cha Novemba 1971, kilikwisha kuwa na amri mbili za kukagua nafasi: df, ya kueleza iliyobaki, na du, ya kueleza iliyotumika.

Du iliingia katika folda, ikashuka katika kila folda iliyomo ndani yake, kisha ikarudi na jumla. Faili lenye majina mawili ililihesabu mara moja tu, kama mtu mwenye jina la nyumbani na la shuleni. Lakini jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba haikujali faili lina herufi ngapi. Ilihesabu vipande vya diski vilivyokaliwa, kila kimoja baiti 512.

Kompyuta za mezani zilishika njia yao. MS-DOS ya mwaka 1981 haikuwa na folda kabisa. Zilikuja na toleo la 2.0, mwaka 1983. Amri ya DIR niliyoizoea mimi ilijumlisha urefu wa mafaili, si nafasi yaliyoikalia. Na hivyo ni vitu viwili. Mfumo wa FAT16 hugawa diski katika mafungu yasiyozidi 65,000 na ushei, kwa hiyo diski ikikua, fungu nalo halina budi kukua. Diski yangu ilizidi gigabaiti 1 kidogo. Fungu lake lilikuwa kilobaiti 32, na mafaili mawili hayalali fungu moja. Ni kama mwenye ghala anayetoza kwa gunia: ukiweka pishi moja ya mchele, umelipia gunia zima.

Ofisini, Morogoro, nilihitaji megabaiti 10 kwa programu mpya ya hesabu. Nikakagua folda mbili. PICHA: megabaiti 12. BARUA: barua 500 za kilobaiti 2 kila moja, jumla megabaiti 1. Nani angehangaika na BARUA? Nikafuta PICHA, nikijipa moyo kwamba zile za karatasi zimo sandukuni kwa dada yangu. Mwishoni mwa mwaka huo huo zikaja mvua za El Niño, paa la dada likavuja, na picha zikagandana kama kurasa za kitabu kilichotumbukia mtoni.

Miaka miwili baadaye ndipo nilipoelewa habari ya mafungu, nikakaa nikapiga hesabu upya. Barua zile 500 zilikuwa zimekalia kilobaiti 16,000, yaani nafasi kubwa kuliko picha zote za mama. Tena zingeingia zote katika disketi moja ya megabaiti 1.44, kwa kuwa fungu la disketi ni nusu kilobaiti. Disketi tupu nilikuwa nazo, boksi zima, juu ya meza.

Barua zenyewe? Nyingi zilikuwa za kuwakumbusha wadaiwa wa mwaka 1995.

Dada aliponiuliza kama zile za kwenye kompyuta zipo, nilimwambia mashine iliharibika. Mpaka leo anaamini hivyo.