Madoa ya Kanga

Kazini niliambiwa kwamba kucha za kupambwa ni za mtu asiye na shughuli. Jioni hiyohiyo nikazipaka zote kumi nyeusi. Zilipokauka kabisa, nilichovya kichwa cha pini kwenye rangi nyeupe nikaanza kudonoa nukta, nikiifuta pini kila mara ili nukta zisivutike, mpaka kila ukucha ukafanana na bawa la kanga.

Bibi alikuwa akinitazama. Akavuta upindo wa kanga aliyojifunga, akauweka kando ya mkono wangu.

Jina la ndege na la nguo ni moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za kuchapwa zilizouzwa kwa jora, wakazikata na kuziunga sita sita kuwa vazi moja. Inasimuliwa kwamba mitindo ya awali yenye madoadoa iliwakumbusha watu ndege huyo, na nguo ikarithi jina lake.

Zama hizo mtumwa alijulikana kwa mavazi: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki iliyokoza weusi. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Wanawake wengi waliopata uhuru waliiweka kaniki kando wakajifunga kanga. Nguo yenye rangi na madoa ilimtangaza mtu mpya kabla hajafungua kinywa.

Pambo nalo hudai muda. Hina haishiki mpaka mikono itulie kwa saa kadhaa, bila kufua, kutwanga wala kuchota maji. Mikono ya mtumwa ingetulia lini?

Nikalikumbuka lile neno la kazini. Huenda aliyelisema hakukosea sana: hizi ni kucha za mtu ambaye jioni yake ni mali yake. Kuna waliongoja miaka mingi kuipata jioni kama hiyo.

Nilimweleza Bibi hayo yote huku nikipuliza vidole. Alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Haya, nami nitie kidole kimoja, mjukuu wangu. Nitaifuta kabla ya kutawadha alfajiri."