Namugongo: Walichomwa Waislamu, Kisha Wakristo



Ndugu wasomaji, kila ifikapo tarehe 3 Juni, Wakristo wa Uganda na nchi jirani humiminika Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka mashahidi wao. Watoto wetu huisoma habari hiyo shuleni, kisha hutuuliza madrasa: sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana.

Kabaka Mutesa I wa Buganda aliwahi kufunga Ramadhani na kuwahimiza watu wake wasilimu. Lakini yeye hakutahiriwa, na vijana Waislamu wa kasri wakakataa kuswali nyuma yake na kula nyama ya wachinjaji wake. Katikati ya miaka ya 1870 makumi yao waliuawa, wengi kwa kuchomwa moto hapo hapo Namugongo.

Mwanawe, Mwanga, alitawala kuanzia 1884. Wakati huo wamisionari wa Kiingereza na Kifaransa walikwisha kupata wafuasi ndani ya kasri. Mwanga akaona watumishi wake wanawasikiliza wamisionari kuliko yeye, akahofia Wazungu wataila nchi yake. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga, akiwa njiani kwenda Buganda. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, wakachomwa Namugongo.

Kosa la makundi yote mawili mbele ya mfalme lilikuwa moja: kumtanguliza Mola kabla ya kiti cha enzi.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua Mwanga. Kabla mwaka haujaisha, Waislamu wakawafukuza Wakristo na kumtawaza Kalema. Wakristo wakarudi kwa vita, na ilipofika 1890 walikuwa wamewashinda Waislamu. Januari 1892 wakapigana wao kwa wao pale Mengo, Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki.

Aliyeonewa jana, alipokishika kiti, naye akaonea. Sisi tunaifahamu aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Basi tunapowasimulia watoto wetu habari za waliochomwa, tuwasimulie pia za waliofukuza wenzao, hata kama ni wa kwetu.