Msamiati wa Kuonja na Kumimina Bia: IPA Maradufu Isiyo Angavu

IPA maradufu isiyo angavu ni bia ya hopi nyingi, yenye kileo kingi kuliko bia za kawaida, ambayo kwa makusudi haikuchujwa hadi ikawa maji maangavu. Rangi yake hukaribia ile ya sharubati ya chungwa. Maelezo yake hufika kwa mtafsiri yakiwa yamejaa tamathali za Kiingereza, na nyingi kati ya hizo zikihamishwa neno kwa neno hugeuza sifa kuwa kasoro. Makala haya yanapitia maneno yanayoleta matatizo zaidi na kupendekeza yanayofaa.

Jina na asili

Herufi IPA zinatokana na bia ya Uingereza ya rangi isiyokoza iliyohusishwa na biashara ya kwenda India. Katika Kiswahili zibaki kama zilivyo na zichukue upatanisho wa ngeli ya I-ZI: IPA hii, IPA hizi. Aina isiyo angavu ilichipuka Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani. Kiwanda kinachotajwa sana ni The Alchemist, kilichofunguliwa na John na Jen Kimmich mjini Waterbury mwaka 2003, na bia yake Heady Topper yenye kileo cha asilimia 8. Mwaka 2018 Brewers Association, chama cha watengenezaji bia wa Marekani, kiliingiza aina hizi katika mwongozo wake wa mitindo.

Maradufu, wala si pombe kali

Neno maradufu katika jina hili halina maana kwamba kileo kimezidishwa mara mbili. IPA ya kawaida ya Marekani huwa na kileo cha takriban asilimia 5.5 hadi 7.5, ile ya maradufu huwa kati ya 7.5 na 10. Tafsiri “pombe kali” haifai, kwa kuwa katika Afrika Mashariki istilahi hiyo imeshika maana ya vinywaji vilivyokenekwa, kama vile jini na wiski. Iandikwe “bia yenye kileo kingi”, kisha asilimia itajwe. Tarakimu hiyo si pambo. Kopo la mililita 473 lenye kileo cha asilimia 8 lina takriban mililita 38 za kileo halisi, ilhali chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Msomaji asiyeonyeshwa tofauti hii anaweza kuhesabu kopo moja kuwa sawa na chupa moja, na mtafsiri ndiye atakayekuwa amempotosha.

Ukungu, tope na uangavu

Neno la kwanza linalomjia mtafsiri ni ukungu. Lina maana mbili: mvuke unaotanda asubuhi, na uoto unaoharibu mkate au nguo. “Bia yenye ukungu” kwenye lebo humfanya mnunuzi adhani kinywaji kimeharibika. “Bia iliyotibuka” nayo hudokeza mashapo yaliyovurugwa, na “bia ya tope” hudokeza uchafu. Pendekezo salama ni “bia isiyo angavu”. Panapohitajika maelezo marefu zaidi, mfananisho husaidia: “bia isiyo angavu, mithili ya sharubati isiyochujwa”.

Chanzo cha hali hiyo pia kielezwe kwa usahihi. Utando unaoonekana hutokana hasa na protini za nafaka kushikamana na polifenoli za hopi. Hamira iliyoelea haipaswi kuwa sababu kuu. Watengenezaji huongeza ngano na oti juu ya kimea cha shayiri. Hapa pana mtego mwingine: wapo wanaoliandika neno shayiri kwa nafaka zote mbili, wakajikuta na sentensi “shayiri iliyochanganywa na shayiri”. Oti iitwe oti.

Kunuka na kunukia

Kiswahili kimeitenga harufu mbaya na nzuri katika kitenzi chenyewe. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri.

Si sahihi: Bia hii inanuka embe na pasheni.
Sahihi: Bia hii inanukia embe na pasheni.

Hopi za Citra na Mosaic kutoka Marekani, na Galaxy kutoka Australia, huleta harufu ya machungwa, maembe, pasheni na nanasi. Hapa mtafsiri wa Kiswahili ana nafasi nzuri, kwa kuwa wasomaji wake wengi wanayajua matunda hayo sokoni. Pichi na aprikoti hutajwa kwa jumla kama “matunda ya kokwa”. “Matunda ya mawe” ni tafsiri sisisi isiyoeleweka. Harufu ya msonobari ielezwe kuwa ya utomvu. Aidha, kusema “pua ya bia” ni kuigiza lugha ya waonjaji wa ng’ambo, ilhali “harufu” linatosha.

Utamu, uchungu, ukali na ukakasi

“Bia tamu” ina maana mbili: yenye sukari, na inayopendeza kinywani. Mwandishi achague: “ina utamu kidogo wa kimea” au “inapendeza kinywani”. Uchungu ndiyo ladha ya hopi zilizochemshwa, kama ule wa mwarobaini kwa mbali. Katika aina hii uchungu huwa mpole, kwa sababu sehemu kubwa ya hopi hutiwa baada ya kuchemsha au wakati wa uchachukaji, ili zitoe harufu zaidi kuliko uchungu. Hatua hiyo ya mwisho isiitwe “hopi kavu”. Ni “kutia hopi bila kuchemsha”.

Ukali hautofautishi pilipili, ndimu wala kileo, hivyo uepukwe katika maelezo ya kuonja. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi au bibo. Bia hii ikiwa mpya mno huweza kuwa na ukakasi na kuwasha koo kwa sababu ya chembechembe za hopi zilizobaki. Huo si uchungu.

Sifa ya “majimaji” ni hatari kuliko zote. Kiingereza huisifu bia hii kwa neno linalotokana na maji ya matunda. Kwa Kiswahili, “majimaji” ni kilichopwaya au kuzidiwa na maji. Iandikwe “yenye ladha ya matunda yaliyokamuliwa”. Vivyo hivyo, badala ya “mwili mzito” itumike “nzito kinywani” au “laini kinywani”.

Kumimina, kunywea na kuandaa

Kumimina ni kuhamisha kinywaji kwa uangalifu kutoka chombo hadi chombo. Kumwaga ni kukitupa au kukipoteza. Maelekezo yanayosema “mwaga bia kwenye glasi” humchekesha msomaji. Kitenzi kutumikia nacho hakifai: mtu hutumikia bwana au taifa. Mgeni humiminiwa bia. Bia huandaliwa na hunywewa.

Glasi, au bilauri, ifaayo ni yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ili harufu isipotee. Isuuzwe vizuri, kwa maana mafuta na sabuni huua povu. Inainamishwa, bia inamiminwa ubavuni, kisha glasi inasimamishwa ili povu la takriban vidole viwili lipande. Kopo lisitikiswe. Heady Topper ni kisa cha pekee, kwani kopo lake humwelekeza mnywaji alinywee kopo hilohilo. Kauli ya kutendea ni ya lazima hapo: bia hunywewa, kopo hunywewa bia, asemaye “kunywa kopo” amekunywa bati.

Joto linalofaa ni takriban nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, “bia ya moto” ni ile tu ambayo haikuwekwa kwenye jokofu, na “vuguvugu” ni kasoro. Kwa hiyo iandikwe “ya baridi ya wastani”, na nyuzi zitajwe.

Bia iliyochakaa

Hewa ya oksijeni ndiyo adui mkubwa wa bia hii. Rangi yake hugeuka kuwa ya kijivu au kahawia na harufu ya matunda hupotea. Hali hiyo isiitwe “kuchacha”, neno linalohusu chakula kilichoingia uchachu. Kitenzi kuchujuka, kama nguo iliyopoteza rangi, kinakaribia zaidi: “bia imechakaa na harufu yake imechujuka”. Mtafsiri asikichanganye na kuchujwa. Bia isiyochujwa ndivyo ilivyokusudiwa. Bia iliyochujuka imekwisha thamani yake, na lebo inayoyabadilisha maneno hayo mawili humwambia mnunuzi kinyume cha kweli.