Mizani ya Madai ya Ubaguzi Kazini

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, vijana wa Budondo, kaskazini ya mji ukingoni mwa Naili, walikuwa karibu na kazi ya mshahara kuliko wengi. Lakini mji huo ulipangwa kwa rangi: Waafrika walijengewa mtaa wao wa Walukuba, na kazini kila rangi ilikuwa na ngazi yake.

Je, aliyeonewa angedai nini, na mbele ya nani? Siku hizo ubaguzi haukuhitaji kutafutiwa ushahidi, kwa kuwa uliandikwa waziwazi. Tume ya Holmes, katika taarifa yake ya 1948 kuhusu utumishi wa serikali Afrika Mashariki, iliafiki kwamba asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu katika cheo kile kile. Mzungu akipata shilingi 100, mwenzake alipata 60. Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndiyo iliyopendekeza ngazi za rangi ziondolewe.

Mahakama nazo zilikuwa na rangi. Nchini Kenya, Mzungu mwenye shtaka kubwa alihukumiwa na jopo la raia Wazungu wenzake. Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. (Sisi walimu wa lugha twaona neno "wazee" lilibeba heshima kubwa kuliko mamlaka waliyopewa.) Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia kwa muda wa siku 90; waajiri, makarani na mafundi wa Jinja wakaondoka, wala hapakuwa na pa kupeleka dai.

Katiba ya Uganda ya 1995 imeagiza malipo sawa kwa kazi sawa, na Sheria ya Ajira ya 2006 ikakataza ubaguzi wa rangi na jinsia kazini. Marekani dai la namna hii laweza kupimwa na jopo la raia wa kawaida, tangu sheria ya 1991. Uganda haina jopo hilo. Mlalamikaji huanza kwa afisa wa kazi, na shauri likipanda hufika Mahakama ya Kazi, ambako majaji huketi pamoja na mjumbe wa waajiri, mjumbe wa wafanyakazi na mjumbe asiye wa upande wowote. Kwa maoni yetu mpango huu ni bora, kwani wajumbe hao wanakijua kiwanda kwa ndani.

Ugumu uliobaki ni wa ushahidi. Karatasi za mishahara zimo kabatini mwa mwajiri, na leo hakuna anayeandika "tatu kwa tano". Mwanamke anayedai amepunjwa hutafutiwa mwanamume wa kumlinganisha naye. Na pale ambapo kazi ya kufagia au kuchambua imeachiwa wanawake watupu, mwanamume huyo hapatikani. Hapo wapimaji hawana budi kuuliza thamani ya kazi yenyewe: jasho lake, ujuzi wake, hatari yake, na mwajiri hulipa kiasi gani kwa kazi nyingine inayolingana nayo.