Kakao: Kutoka Mapipa ya Barabarani hadi Tumbo la Meli

Kabla ya reli kufika, kakao ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ilisafiri kwa nguvu za watu. Wapagazi waliibeba kichwani kutoka milima ya Akuapem, na njia ilipopanuka kakao ikajazwa katika mapipa ya mbao yenye uzito wa karibu nusu tani, yakabingirishwa hadi pwani. Accra haikuwa na gati. Meli zilitia nanga mbali, na wapiga makasia wakapasua mawimbi kwa mashua zilizosheheni magunia.

Katika miaka ya 1870 mhunzi Tetteh Quarshie alirudi Gold Coast na mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po. Kufikia 1911 koloni hilo liliongoza dunia kwa kakao. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya wabebaji, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Reli kutoka Sekondi ilifika Kumasi 1903, na bandari ya Takoradi ikafunguliwa 1928. Gunia la juti likabaki kuwa kipimo: nchini Ghana lina kilo 62.5, na 16 hutimiza tani. Kila gunia lilipita mikononi mwa makuli mara kadhaa.

Mageuzi makubwa yalishika kasi miaka ya 1990, kakao ilipoanza kumiminwa bila magunia ndani ya makontena na ngama za meli kuelekea Amsterdam, bandari kubwa kuliko zote kwa zao hili. Gharama zilishuka, lakini adui alibaki yuleyule: maji. Kakao iliyokaushwa vizuri bado ina unyevu wa asilimia 7 hivi, kwa hiyo tani 1,000 hubeba tani 70 za maji. Meli ikitoka joto la Ghuba ya Guinea na kuingia baridi ya Ulaya, chuma hupoa, mvuke hugeuka matone juu kama kwenye mfuniko wa sufuria, kisha hudondoka. Ukungu huota. Ndiyo maana ngama hupitishiwa hewa, na makontena hutandikwa karatasi nene na kutundikwa vifuko vya kunyonya unyevu.

Barani Ulaya, chokoleti yenyewe husafirishwa ikiwa majimaji, katika malori ya tangi yanayotunza joto, na kiwanda hakilazimiki kuiyeyusha upya.

Lakini kakao iliyomiminwa pamoja hupoteza shamba lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka shamba hilo lijulikane, na inakataza kuchanganya kakao ya shamba linalojulikana na kakao isiyojulikana ilikotoka.