Mshipi wa Kuvulia: Ulikotoka na Namna ya Kuuchagua

Ukiingia duka lolote la pembejeo utakuta mshipi wa nailoni umening'inia karibu na mlango, jua linaupiga mchana kutwa. Unanunua, unakwenda mtoni, samaki mkubwa anavuta mara moja na mshipi unakatika. Umepoteza ndoana, chambo na kitoweo. Ili usirudie kosa hilo, tuanze na historia ya mshipi wenyewe.

Zamani mishipi ilisokotwa kwa nyuzi za mimea: magome ya miti, pamba na mkonge wa porini. Ilikuwa imara, lakini ilinyonya maji na kuoza, kwa hiyo mvuvi alilazimika kuianika kila baada ya kuvua. Mkonge wa mashambani ulikuja baadaye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo mashamba yalienea Tanga, kisha huku kwetu Morogoro na Kilosa. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000.

Wakati huo mshindani wake alikuwa amekwisha kuzaliwa. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza nailoni. Nyuzi za viwandani hazikuoza. Nailoni iliiondoa mishipi ya mimea mikononi mwa wavuvi, na kamba za plastiki zikaangusha bei ya mkonge katika miaka ya 1960. Babu aliyekata mkonge Kimamba na mjukuu anayevua kwa nailoni wamo katika habari moja.

Katika miaka ya 1990 ukaingia mshipi wa kusuka, uliotengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki ngumu. Huo ndio wanaoupenda wageni wanaokuja kuvua kwa mchezo katika mito Mnyera na Ruhudji, inayoingia Kilombero. Wanamtafuta samaki mwenye meno marefu kama ya mbwa. Jamii yake moja inapatikana katika Ruvu na Rufiji, na wataalamu waliipa jina Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Hupenda chambo bandia kikubwa, kinachorushwa mbali na kuvutwa upesi.

Sasa wewe uchague upi?

Kwa perege na kambale, chambo kikiwa kimetulia majini, nailoni inatosha. Ni ya bei nafuu, na inanyumbuka kidogo samaki anaposhtuka, kwa hiyo mdomo wake hauchaniki.

Kwa kurusha chambo bandia kizito, nailoni nyembamba hukatika hewani kabla hata chambo hakijagusa maji. Ukichukua nene ili isikatike, inajikunja na haifiki mbali. Hapo ndipo mshipi wa kusuka unapofaa: ni mwembamba lakini una nguvu, na haunyumbuki, hivyo unasikia samaki akigusa tu. Ila usiuzungushie kiganjani, utakukata. Fundo lake huteleza, kwa hiyo zungusha mara nyingi, ulowanishe kwa mate, ndipo ukaze. Kwa samaki mwenye meno, weka kipande cha waya wa chuma kati ya mshipi na chambo. Bila waya huo hakuna mshipi utakaosalimika.

Kabla ya kulipa, vuta mita moja. Uupitishe kati ya kucha: ukikwaruza, uache. Funga fundo uvute kwa nguvu. Ukikatika kirahisi, jua limekwisha kuula.

Nawe mwenye duka, hamishia mishipi ndani, mahali penye kivuli. Mteja aliyepoteza samaki kwa mshipi wako atanunua kwa jirani.

Mwisho, sifa ya nailoni ya kutooza ndiyo hatari yake. Kipande ulichotupa kando ya Ngerengere kitakaa miaka mingi, kikinasa ndege na miguu ya mbuzi wako. Nyavu za timba, za uzi huohuo mmoja wa nailoni, zilipigwa marufuku na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Kusanya mabaki urudi nayo nyumbani, na kabla ya kuvua sehemu ngeni mwone afisa uvuvi akueleze kuhusu leseni.