Mkao wa Rimu

Rimu mbili zimeegemezwa ukutani. Zote ni za BMW, zote za inchi 17 kwa upana wa inchi 8, na zote zina matundu matano ya bolti yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 120. Moja imefunguliwa kwenye gari la Mfululizo wa 3, kizazi kinachojulikana kama E46. Nyingine imetoka kwenye Mfululizo wa 5 wa kizazi cha E39, ile sedani ya kifahari iliyokuwa ikitoka kiwandani Ujerumani kuanzia 1995 hadi 2003. Mnunuzi akizitazama kwa mbele ataapa kuwa ni pacha. Fundi mzoefu hazitazami kwa mbele. Anazigeuza, anapangusa vumbi la breki kwa kidole gumba, kisha anasoma kilichopigwa chapa nyuma ya spoki. Moja ina IS47, nyingine IS20.

Kati ya namba hizo mbili mna milimita 27, zaidi kidogo ya inchi moja. Inchi hiyo ndiyo inayoamua kama tairi litakaa sawasawa chini ya madigadi, litakwaruza shokapu, au litachomoza nje mithili ya sikio.

Kwa Kiingereza namba hiyo huitwa offset. Wajerumani huiita Einpresstiefe, na kifupi chake, ET, kimeenea duniani kote na kupigwa chapa kwenye rimu nyingi. Gereji za Kiswahili zina namna yake. Fundi husema rimu "imeingia ndani" au "imetoka nje", husema "hii inakaa ndani sana." Maelezo hayo yanaeleweka vizuri, ila yote ni vitenzi. Anayetaka kuagiza rimu kwa maandishi, kuandika kitabu cha ufundi au kufundisha darasa la magari hujikuta hana nomino ya kutanguliza mbele ya namba, naye huishia kuandika neno la Kiingereza lilivyo au kulitohoa kuwa "ofseti".

Kutohoa si kosa. Kiswahili kimetohoa breki, klachi, gia na tairi lenyewe, na maneno hayo yanafanya kazi barabara. Tatizo la "ofseti" ni kwamba kiti chake kina mwenyewe: wachapaji wamelitumia kwa miaka mingi kutaja mashine na mbinu yao ya kuchapa vitabu na magazeti. Zaidi ya hapo, halimwambii msomaji lolote. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hajui kama linapima upana, urefu au uzito.

Kabla ya kutafuta jina, kitu chenyewe kieleweke.

Chukua rimu na uigawe katikati kwa upana wake, kama anayekata mkate wa mviringo kupata vipande viwili vilivyo sawa. Mstari wa mkato huo ndio mstari wa kati. Sasa tafuta bapa linalogusana na habu ya gari pale bolti zinapokazwa. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa kati hadi kwenye bapa hilo. Bapa likiwa juu ya mstari wa kati, namba ni sifuri. Likiwa limesogea upande wa nje, unaoonekana na wapita njia, namba ni chanya, na rimu nzima pamoja na tairi lake huingia ndani zaidi chini ya gari. Likisogea upande wa breki, namba ni hasi, na rimu hutoka nje.

Hapo ndipo wengi huteleza. Namba ikipanda, tairi linaingia ndani. Ikishuka, tairi linatoka nje. Sababu ni kwamba habu haiondoki mahali pake. Bapa lazima liifuate habu, na kinachobaki cha rimu ndicho kinachohama.

Hesabu yake ni nyepesi. Upana wa rimu hupimwa kati ya sehemu mbili ambazo kingo za tairi hukalia. Rimu ya inchi 8 ina milimita 203.2, na nusu yake ni 101.6. Ukijumlisha ofseti kwenye nusu hiyo unapata umbali wa ukingo wa ndani kutoka kwenye habu. Ukiitoa, unapata umbali wa ukingo wa nje. Kwa rimu ya E39 yenye 20, ndani ni milimita 121.6 na nje ni 81.6. Kwa ile ya E46 yenye 47, ndani ni 148.6 na nje ni 54.6. Kwa hiyo anayejaribu kuifunga rimu ya E46 kwenye E39 anasukuma tairi milimita 27 kuelekea shokapu na springi. Anayefanya kinyume chake, rimu ya E39 kwenye E46, analitoa tairi nje kwa kiasi hichohicho, mpaka lipambane na ukingo wa madigadi kila gari linapodidimia kwenye shimo.

Hata kabla ya hapo, jaribio la kwanza lingekwamia kwenye tundu la kati. E39 ina habu ya milimita 74.1, ilhali rimu za E46 zina tundu la 72.6. Milimita moja na nusu inatosha kuizuia rimu isiingie kabisa. Upande wa pili rimu ingeingia, lakini ingelegea juu ya habu, na ingehitaji pete ya kujazia nafasi ili isitetemeke gari likishika mwendo.

Mhandisi wa kiwandani huzitumia namba hizi kwa uangalifu mkubwa, na E39 inaonyesha jinsi anavyofanya. Toleo la 528i lilivaa matairi ya 225/60R15 juu ya rimu za inchi 7, ofseti 20. Toleo la M5, lililooneshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1998 likiwa na injini ya V8 ya nguvu za farasi 400, lilipewa 245/40R18 mbele juu ya rimu za inchi 8, na 275/35R18 nyuma juu ya rimu za inchi 9.5. Mbele ofseti ilibaki 20. Nyuma ikawa 22.

Tairi la mbele likazidi upana kwa milimita 20 na rimu ikapanda kwa inchi tatu, lakini kimo cha gurudumu zima karibu hakikubadilika. Namba za tairi zenyewe zinaeleza. Katika 225/60R15, ukuta wa tairi ni asilimia 60 ya 225, yaani milimita 135. Zidisha kwa mbili, ongeza inchi 15 za rimu ambazo ni milimita 381, upate 651. Katika 245/40R18 ukuta ni milimita 98, rimu ni 457.2, na jumla ni 653.2. Milimita mbili tu! Rimu imekua kwa kuumega ukuta wa mpira.

Kwa nini nyuma iwe 22? Rimu ya inchi 9.5 ina milimita 241.3. Kama ofseti ingebaki 20, kila upande ungeongezeka milimita 31.75 kuliko rimu ya inchi 7. Kwa kuipandisha hadi 22, ongezeko la nje likapungua hadi 29.75 na la ndani likafika 33.75. Milimita mbili zilihamishwa kutoka upande wa madigadi kwenda upande wa ndani. Hayo ndiyo maamuzi ambayo mwenye gari huyavuruga bila kujua anaponunua rimu kwa kutazama sura.

Akikosea kimo, hasara huja kwa njia nyingine. Mwenye 528i akivalisha 245/45R18 badala ya 245/40R18, gurudumu linapanda hadi milimita 677.7, nyongeza ya asilimia 4. Mshale wa spidi uliokuwa sahihi ukionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli liko kwenye 104.

Akikosea ofseti, lawama nyingi huangukia beringi na usukani. Gurudumu lililotolewa nje hubeba uzito mbali na beringi, kama mtu anayeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuiweka karibu na mwili. Tena kila gurudumu la mbele lina mstari wa kufikirika ambao linauzunguka likigeuzwa. Mhandisi hupanga mahali mstari huo unapogusa barabara ukilinganisha na katikati ya tairi. Ofseti ikibadilika, mpangilio huo unahama: usukani unaanza kuvuta, hasa dereva anapokanyaga breki tairi moja likiwa kwenye lami na jingine kwenye mchanga wa pembeni.

Spesa haikwepi hesabu hii. Kipande cha chuma cha milimita 15 kikiwekwa kati ya habu na rimu ya 35, rimu hiyo sasa inakaa kama ya 20, na bolti zinapaswa kuwa ndefu zaidi kwa kiasi hicho ili meno yake yashike vya kutosha.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulijali jambo hili. Magari mengi hufika yakiwa yametumika Japani, na baadhi huja na rimu ambazo si za kiwandani. Toyota Crown ya kizazi cha S180, inayoonekana sana Dar es Salaam na Nairobi, iliuzwa Japani ikiwa na 215/60R16 katika matoleo ya Royal na 225/45R18 katika matoleo ya Athlete. Vimo vyake ni milimita 664 na 660, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakuitingishi sana hesabu ya kimo. Ukuta wa tairi, hata hivyo, unashuka kutoka milimita 129 hadi 101. Anayepita kila siku kwenye matuta na mashimo atausikia upungufu huo mgongoni, na rimu yake itausikia kabla yake. Rimu hupinda na ukuta wa tairi huota kivimbe pale mpira unapokosa kimo cha kumeza kishindo.

Sasa jina.

Njia moja ni kufuata Kijerumani. Einpresstiefe maana yake ni kina cha kukandamizia ndani, jina lililozaliwa zama za rimu za chuma, ambapo sahani ya katikati ilikandamizwa ndani ya mduara wa nje kisha ikachomelewa. Tungesema "kina cha rimu". Lakini kwa Mswahili aliyesimama nje ya gari, rimu yenye kina ni ile iliyobonyea kama bakuli, na kwa kawaida hiyo ndiyo yenye ofseti ndogo au hasi. Yenye ofseti kubwa huonekana bapa. Neno lingesema kinyume cha jicho.

Njia nyingine ni kueleza: "umbali wa bapa kutoka mstari wa kati". Ni sahihi, na linafaa kabisa kwenye ufafanuzi wa kamusi. Kwenye karatasi ya kuagizia vipuri halifai, maana hakuna atakayeliandika mara mbili.

Njia ya tatu iko tayari mdomoni mwa fundi. Anayesema "rimu inakaa ndani" ameshatoa mzizi. Kiswahili huzaa nomino kutoka kitenzi kwa kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni: enda hutoa mwendo, zunguka hutoa mzunguko, tetema hutoa mtetemo. Kaa hutoa mkao, neno lililomo kwenye kamusi na kwenye mazungumzo, lenye maana ya namna kitu kinavyokaa. Mkao wa rimu ni namna rimu inavyoikalia habu. Istilahi njema hupimwa kwa usahihi, ufupi, uwazi na kukubalika, na hili linavipita vipimo vyote vinne bila kusukumwa.

Pingamizi moja ni la kweli. Vijana wanaopenda kushusha magari wanaweza kulitaka neno hilohilo kwa sura ya gari zima likiwa limeinama juu ya magurudumu yake. Hakuna haja ya kugombana: mkao wa gari ni jambo moja, mkao wa rimu ni jingine, kama vile kimo cha gari si kimo cha tairi. Kijalizo kinamaliza kazi.

Neno hili lina faida nyingine inayogusa lile kosa la chanya na hasi. Viwango vya kimataifa hutofautisha rimu iliyoingia ndani na iliyotoka nje kwa majina mawili, na IS inayopigwa chapa kwenye rimu za BMW ni kifupisho cha jina la kwanza. Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo bila alama za hisabati: mkao wa ndani 20, mkao sifuri, mkao wa nje 12. Mnunuzi anasikia moja kwa moja tairi litaelekea wapi.

Basi mwenye E39 anayetafuta rimu nne za inchi 17 anaweza kumwandikia muuza vipuri mstari mmoja wa Kiswahili wenye kila kinachohitajika: upana inchi 8, kipenyo inchi 17, mkao wa ndani 20, bolti 5 kwenye duara la 120, tundu la kati 74.1.